Kitufe hakibofyeki, kilo zimepotea: namna ya kusaka makosa kwenye kontroli za programu yako

Leo tuziweke pembeni kidogo habari za bei ya kahawa. Kuna vijana wananiuliza swali lile lile kila wakati: "Kaka, nimetengeneza programu yangu kwenye Visual Basic, mbona kitufe hakifanyi kitu?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike hapa mara moja, mwenye flashi akopi, mwenye hela ya kuprinti aprinti. Najua wengi mnasoma mkiwa kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo nimepanga kwa namba. Nenda moja kwa moja kwenye tatizo lako.

Kontroli ni nini? Ni kila kitu ambacho mtumiaji anakigusa kwenye dirisha la programu: kitufe, kisanduku cha kuandikia, orodha ya kuchagua, tarehe, jedwali. Mifano yangu ni ya VB.NET na Windows Forms, ambayo mpaka leo ipo na Visual Studio Community ni bure kwa mtu binafsi. Anayetumia C# ataelewa tu, majina ni yale yale. Mwenye Visual Basic 6 ya 1998, ajue kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2008. Programu zake za zamani bado zinafunguka, lakini kwa kazi mpya usianzie huko.

Kabla ya namba, nisimulie kilichonipata, maana ndicho kilichonifundisha.

Msimu wa 2009 niliandika programu ya kupokelea kahawa kwa kikundi kimoja cha wakulima pande za Rubafu, huku kaskazini mwa mji wa Bukoba kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa ndogo tu. Mkulima analeta kahawa ya maganda, karani anapima kwenye mizani, anachagua jina kwenye orodha, anaandika kilo, anabofya Hifadhi. Nyumbani niliijaribu mara nyingi sana, ikawa safi. Nikatamba.

Wiki ya tatu akaja mama mmoja na karatasi zake mkononi. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu. Hii kompyuta yako inasema nimeleta magunia mawili. Mimi nimeleta matatu. Sasa muongo nani, mimi au yenyewe?"

Tukatafuta. Gunia la tatu lilikuwa limeandikwa kwa mama mwingine, jina linalofuata kwenye orodha. Wote wawili majina yao yanaanza na Koku-, na kwa huku kwetu ukianza kuhesabu akina Koku- na akina Rwe- unaweza ukalala njiani. Viongozi wakamgeukia karani, kijana wa watu. Wengine walishaanza kusema kaiba, asimamishwe. Na mimi, niseme ukweli, nilimshuku. Programu yangu nilikuwa nimeijaribu, sasa kosa litoke wapi?

Nikaomba siku moja. Nikakaa nyuma yake asubuhi nzima bila kusema neno. Mkulima wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tano nikaona. Skrini ilikuwa ndogo, kisanduku cha kilo kipo chini. Karani akachagua jina, halafu akazungusha gurudumu la mausi ili ashuke chini. Dirisha likashuka kidogo, lakini kabla halijashuka jina nalo likabadilika kwenda la jirani. Yeye macho yako kwenye kilo. Akabofya Hifadhi. Programu ikasema "Imehifadhiwa".

Kosa lilikuwa langu. Nilisimama mbele ya viongozi nikasema hivyo, kisha tukalinganisha daftari la mkono la karani na kompyuta, mstari kwa mstari, siku mbili. Wakulima 11 kilo zao zilikuwa zimehamia kwa watu wengine. Bila lile daftari sijui ningewaambia nini, na yule kijana angekuwa na jina la wizi mpaka leo.

Somo nililopata: kitufe kilichokufa kinaonekana, mtu atakupigia simu. Kinachoumiza ni kontroli inayoonekana nzima kumbe inafanya kitu kingine. Ndiyo maana kwenye orodha hii nimeyapa nafasi kubwa makosa ya aina hiyo.

1. KITUFE KIMEKUFA KABISA

Unabofya, hakuna kinachotokea. Mara nyingi kitufe na msimbo wake vimeachana. Ukikata kitufe na kukibandika ndani ya paneli nyingine, VB huondoa neno Handles mwisho wa Sub, na kwenye C# ile alama ya += hufutika kwenye faili la dizaini. Msimbo wako upo, unauona kwa macho, ila hakuna anayeuita. Angalia mstari wa kwanza uwe hivi:

Private Sub btnHifadhi_Click(sender As Object, e As EventArgs) Handles btnHifadhi.Click

Kama upo sawa, weka kituo cha kusimamisha kwa F9 kwenye mstari wa kwanza wa ndani, endesha kwa F5, bofya. Programu ikisimama hapo, kitufe ni kizima na tatizo liko mbele. Isiposimama, angalia Enabled isije ikawa False, na angalia kama kuna paneli au lebo tupu imekaa juu ya kitufe inapokea mibofyo badala yake. Hili la mwisho limewalaza macho wengi.

2. PROGRAMU INAGANDA, HALAFU INAHIFADHI MARA MBILI

Kompyuta ni nzito, karani anabofya Hifadhi, kimya. Anabofya tena. Kesho unakuta gunia moja limeingia mara mbili. Wengi huzima kitufe mwanzoni (Enabled = False) na kukiwasha mwishoni, halafu wanashangaa bado kunajirudia. Sababu ni kwamba wakati programu imeganda, Windows huiwekea mibofyo foleni. Ukimaliza kazi unawasha kitufe, ndipo ule mbofyo wa pili unafika na kukikuta kiko wazi.

Dawa ni kuhamisha kazi nzito isifanyike kwenye uzi ule ule unaochora dirisha. Zamani tulitumia BackgroundWorker, iliyokuja na .NET 2.0 mwaka 2005. Tangu 2012 kuna Async na Await, nyepesi zaidi:

Private Async Sub btnHifadhi_Click(sender As Object, e As EventArgs) Handles btnHifadhi.Click
    btnHifadhi.Enabled = False
    Dim r = SomaFomu()
    Try
        Await Task.Run(Sub() HifadhiRekodi(r))
        lblHali.Text = "Imehifadhiwa"
    Catch ex As Exception
        MessageBox.Show("HAIJAHIFADHIWA: " & ex.Message)
    Finally
        btnHifadhi.Enabled = True
    End Try
End Sub

SomaFomu na HifadhiRekodi ni za kwako kuandika. Ya kwanza inasoma kontroli, ya pili inaandika kwenye hifadhidata. Usizisome kontroli ndani ya HifadhiRekodi, maana uzi mwingine hauruhusiwi kuzigusa, utapata lile kosa la "Cross-thread operation not valid". Na msidanganyike na Application.DoEvents. Inafanya dirisha lionekane hai, lakini inaruhusu mbofyo wa pili uingie katikati ya kazi ya kwanza. Kinga ya mwisho iwe kwenye hifadhidata yenyewe: kila stakabadhi ipewe namba yake fomu inapofunguliwa, na namba isiruhusiwe kujirudia.

3. ORODHA INABADILI JINA YENYEWE

Hili ndilo la Rubafu. ComboBox ikiwa bado imeshikiliwa, gurudumu la mausi linabadili chaguo. Mishale ya kibodi pia inabadili, na hata herufi ukigusa kwa bahati mbaya. Zima gurudumu pale orodha inapokuwa imefungwa:

Private Sub cboMkulima_MouseWheel(sender As Object, e As MouseEventArgs) Handles cboMkulima.MouseWheel
    If Not cboMkulima.DroppedDown Then
        CType(e, HandledMouseEventArgs).Handled = True
    End If
End Sub

Halafu usiishie hapo. Jina likishachaguliwa, hamishia kishale kwenye kilo kwa txtKilo.Focus(). Karibu kabisa na kitufe cha Hifadhi weka lebo kubwa yenye jina, namba ya uanachama na kilo, ili macho ya karani yakiwa kwenye kitufe yaone na jina. Na stakabadhi isomwe kwa sauti mbele ya mkulima kabla hajaondoka. Tangu tuanze hivyo, wazee wenyewe ndio wakaguzi.

4. NUKTA NA MKATO

Karani anaandika 47,5. Windows ikiwa imewekwa kwa Kiingereza cha Marekani, mkato ni wa kutenganisha maelfu, kwa hiyo Double.Parse inasoma 475. Hakuna kosa linalotokea! Mkulima kageuka tajiri kwa sekunde moja. Ukichukua kompyuta ya mtumba kutoka Ujerumani mambo yanageuka: kule mkato ndio nukta yetu, kwa hiyo ukiandika 47.5 ndiyo inayosomwa 475. Na ile Val ya zamani ikikutana na 47,5 inasimama kwenye mkato na kukupa 47. Gunia lile lile, kilo tofauti kabisa.

Usiache mipangilio ya Windows ikuamulie. Weka Imports System.Globalization juu, kisha:

Dim kilo As Decimal
If Not Decimal.TryParse(txtKilo.Text.Trim(), NumberStyles.AllowDecimalPoint, CultureInfo.InvariantCulture, kilo) Then
    MessageBox.Show("Andika kilo kwa nukta, mfano 47.5")
    Return
End If

Hapo 47,5 inakataliwa wazi wazi. Kwa kilo na pesa tumia Decimal, sio Double, maana Double haiwezi kutunza 0.1 kamili na senti zitakusumbua kwenye jumla.

5. NAMBA INAYOKATWA KIMYA KIMYA

NumericUpDown ni kontroli nzuri ya namba, ila ikitoka kiwandani Maximum yake ni 100. Karani akiandika 250 na kuhama, inarudi 100 bila kusema lolote. Na DecimalPlaces yake ni 0, kwa hiyo 47.5 haionekani kama 47.5. Panga vyote viwili kabla ya siku ya kwanza. Ukitaka kuzuia kosa la kuandika, weka kiwango kikubwa kisha uliza swali: "Kilo 950, una uhakika?" Usikate kimya. Na kumbuka, hii nayo inafuata gurudumu la mausi kama ComboBox.

6. TAREHE

03/04 ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini kwa Marekani ni Machi 4. Tumia DateTimePicker, Format uifanye Custom na CustomFormat iwe dd MMM yyyy, mwezi uonekane kwa jina. Kosa kubwa liko kwenye kuhifadhi. Ukiunganisha tarehe kwenye sentensi ya SQL ya Access ndani ya alama za #, Access huisoma kwa mpangilio wa Marekani hata kama Windows yako ni ya Kiingereza cha Uingereza. Tumia vigezo kila mara, usiunganishe maneno kwa &. Faida ya pili: jina lenye ng' ndani yake halitakuvunjia sentensi nzima. Sisi wenye lugha yenye ng'ombe na ng'ambo hili tungelijua mapema kuliko Wazungu!

7. KISANDUKU KINAKUNG'ANG'ANIA

Umeandika kwenye Validating kwamba kilo zikiwa tupu e.Cancel = True. Vizuri, lakini sasa mtu akitaka kuahirisha hawezi kutoka, hata kitufe cha kurudi hakibofyeki. Kwenye kitufe hicho weka CausesValidation = False. Na kwenye FormClosing weka e.Cancel = False pale unapotaka alama ya X ifunge bila mabishano.

8. SKRINI NDOGO

Ulichora kwenye laptopu yako kubwa, ofisini kuna skrini ya 1024 kwa 600. Kitufe cha chini hakionekani, au Windows imekuzwa hadi 125% na maandishi yamekatwa. Tumia TableLayoutPanel na Anchor badala ya kupanga kwa macho, Label ziwe na AutoSize, na fomu iwe na AutoScroll kama tahadhari. Ila kama mlivyoona, kusogeza kwa gurudumu ndiko kulikonitia mimi matatani, kwa hiyo dawa bora ni fomu fupi ambayo yote inaonekana bila kusogeza. Kumbuka pia Kiswahili ni kirefu: "Save" inaingia mahali ambapo "Hifadhi na uchapishe" haiingii.

9. NENO "FUTA"

Hili halimo kwenye vitabu vya Wazungu. Programu inauliza "Unataka kufuta rekodi hii?" na chini kuna OK na Cancel. Wengi tulifundishwa kwamba Cancel ni kufuta. Anayetaka kufuta anabofya Cancel, haifutiki. Asiyetaka anabofya OK akimaanisha "sawa, iache", inafutika! Na maneno ya vitufe vya MessageBox hutoka kwenye lugha ya Windows, sio kwenye programu yako, kwa hiyo huwezi kuyabadili.

Tengeneza fomu yako ndogo yenye vitufe viwili: "Ondoa rekodi" na "Rudi, usiondoe". Walio na .NET 5 ya 2020 au mpya zaidi wanaweza kutumia TaskDialog, inakubali maneno yako mwenyewe. Kazi ya kutafuta maneno si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Sisi tunashindwaje na vitufe viwili?

10. KOSA LINALOMEZWA

On Error Resume Next, au Catch isiyo na kitu ndani. Vijana wanaipenda kwa sababu programu "haileti makosa" tena. Makosa yapo, umeyafunika tu. Kuhifadhi kumeshindikana, na mstari unaofuata unaandika "Imehifadhiwa" kwa furaha. Afadhali programu ianguke mbele ya karani kuliko imdanganye. Neno "Imehifadhiwa" lije baada ya kuisoma rekodi upya kutoka kwenye hifadhidata na kuionyesha.

NAMNA YA KUSAKA KOSA USILOLIJUA

Kwanza, pata hatua za kulirudia. Usiulize "umefanya nini?", watu husimulia walichokusudia kufanya. Kaa nyuma yake, mikono mfukoni, mdomo umefungwa, uangalie. Pili, tenganisha: fungua mradi mpya mtupu, weka kontroli hiyo moja tu, uone kama kosa lipo. Lisipokuwepo, kosa liko kwenye msimbo wako. Tatu, andika kumbukumbu kwenye faili la maandishi kila tukio linapotokea: saa, jina la kontroli, thamani ya zamani, thamani mpya. Ningekuwa nayo 2009 ningeona jina likibadilika sekunde mbili kabla ya Hifadhi, na yule karani asingesimangwa. Nne, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujaribu. Ukibadili vitano kwa pamoja hutajua kilichoponya.

Na la mwisho, wadau: daftari la mkono liendelee sambamba na kompyuta kwa msimu mzima wa kwanza. Mkubwa akikwambia sasa tuna kompyuta, daftari la nini, mwambie ndilo shahidi pekee atakayemtetea karani siku programu yako ikikosea.

Yule mama kilo zake alirudishiwa. Siku ya malipo alipita mezani kwangu, akaangalia skrini, akauliza, "Leo imesema kweli?" Nikamgeuzia asome mwenyewe.

Mwenye kosa ambalo halimo humu aliandike kwenye maoni hapo chini, na aweke msimbo wake na maneno kamili ya kosa. Ukiandika tu "haifanyi kazi" sitajua pa kuanzia. Mwenye dawa bora kuliko yangu naye asiwe mchoyo. Kazi kwenu!